Ndege mmoja au wawili? Jinsi chozi wa milimani wanavyotenganishwa kuwa spishi mbalimbali

KIGALI – Katika bustani nyingi za jiji hili, kuanzia Nyamirambo hadi Kimironko, hutua ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, akafyonza mbochi ya ua moja, akahamia jingine, kisha akatoweka. Kwa Kiswahili ndege huyo huitwa chozi. Dume lake hung'aa juani kama bati jipya. Jike aghalabu huwa na rangi ya majani makavu. Wapo wa bondeni, wapo wa mjini, na wapo wale wasioshuka kamwe kutoka misitu ya baridi ya milimani.

Kuhusu hao wa milimani, wataalamu wa ndege wamekuwa wakijiuliza kwa zaidi ya karne moja swali linaloonekana jepesi: ni spishi ngapi? Jibu limebadilika mara kadhaa. Kila linapobadilika, hubadilika pia hesabu ya ndege walio hatarini kutoweka, na pamoja nayo uzito wa misitu inayowahifadhi, ikiwemo ya Rwanda na ya majirani zake.

Makala haya yanaeleza jinsi uamuzi huo unavyofikiwa na kwa nini una maana kwetu.

Habari iliyotoka Andes

Mwaka 2024 vyombo vya habari duniani vilitangaza kwamba ndege mvumaji mkubwa wa milima ya Andes, aliyehesabiwa kwa muda mrefu kuwa spishi moja, kwa hakika ni spishi mbili. Watafiti waliwafunga baadhi ya ndege hao vifaa vidogo vya kufuatilia safari. Ikabainika kwamba kundi moja huzaliana nchini Chile, kisha hupanda hadi milima ya Peru na kurejea, safari inayoweza kufikia kilomita 8,300 kwenda na kurudi. Kundi la pili hubaki milimani mwaka mzima. Uchunguzi wa chembe za urithi, yaani DNA, ulionyesha kwamba makundi hayo yalitengana zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, ingawa kwa macho ni vigumu kuyatofautisha.

Hapa yafaa kusahihisha kosa moja la tafsiri. Ndege wavumaji wanapatikana katika mabara ya Amerika pekee. Chozi ni ndege wa Afrika, Asia na eneo la Australia, wa familia nyingine kabisa. Wamefanana kwa sababu wote wanaishi kwa mbochi, na kazi moja imewapa umbo linalokaribiana. Mvumaji hula huku akielea hewani na anaweza kuruka kinyumenyume. Chozi kwa kawaida hutua kwanza, ndipo akala.

Hata hivyo, jambo lililotokea kwa mvumaji wa Andes limekwisha kutokea kwa chozi wa Afrika Mashariki, tena zaidi ya mara moja.

Chozi wa Nyungwe na jina lililopotea likarudi

Atembeaye katika Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, kusini magharibi mwa Rwanda, anaweza kumwona chozi mwenye kichwa na mgongo wa kijani king'aavyo, na kifua kilichozungushiwa mikanda miwili: mwembamba wa buluu juu, na mpana mwekundu chini yake. Kitaalamu anaitwa Cinnyris stuhlmanni. Alipewa jina hilo mwaka 1893 na Anton Reichenow, mtaalamu wa makumbusho ya Berlin, kwa heshima ya Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyesafiri katika eneo la maziwa makuu akiwa pamoja na Emin Pasha. Kwa kuwa alipatikana kwanza katika milima ya Rwenzori, hapa tutamwita chozi wa Rwenzori.

Katika karne ya 20 jina hilo liliwekwa kando. Chozi wa mikanda miwili wamesambaa kutoka Afrika Kusini hadi Uganda, na walionekana kufanana mno. Vitabu vingi vikawaunganisha wa Rwenzori na wale wa Afrika Kusini, Cinnyris afer, ambao Carl Linnaeus alikuwa amewapa jina tangu mwaka 1766. Ndege wa Nyungwe akawa tawi tu la ndege wa kusini mwa bara, ingawa kati yao kuna maelfu ya kilomita za nyika, mito na mabonde ambayo ndege huyu wa milimani hayavuki.

Kuelekea mwisho wa karne hiyo hoja ilipimwa upya na chozi wa Rwenzori akarejeshewa nafasi yake kama spishi kamili. Chozi wa nyanda za juu za Marungu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, naye akatengwa. Huyo anaitwa Cinnyris prigoginei, kwa jina la Alexandre Prigogine, mtaalamu aliyechunguza ndege wa mashariki mwa Kongo kwa miaka mingi.

Hakuna ndege mpya aliyezaliwa siku ile vitabu vilipobadilishwa. Ndege walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni uamuzi wa binadamu kuhusu mahali pa kupitisha mstari.

Spishi ni nini hasa?

Maelezo yaliyozoeleka yalienezwa na Ernst Mayr katika kitabu chake cha mwaka 1942: spishi ni kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao na wasiozaliana na makundi mengine. Kanuni hiyo inafaa pale ndege wawili wanapoishi katika msitu mmoja. Wakiishi pamoja bila kuchanganyika, ni spishi mbili.

Ugumu unaanza pale ndege mmoja anapoishi mlima huu na mwenzake mlima ule, huku katikati kukiwa na bonde lenye joto ambalo hakuna anayelivuka. Hawachanganyiki kwa sababu hawakutani. Je, wangekutana, wangeoana? Hakuna awezaye kuhamisha mlima ili kujaribu. Katikati ya karne iliyopita wataalamu wengi walichagua tahadhari: ndege wanaofanana na kupokezana milima wahesabiwe kuwa spishi moja yenye matawi, au nususpishi.

Leo zipo njia nyingine za kupima. Ya kwanza ni DNA, inayoonyesha makundi mawili yametengana kwa muda gani na kama bado yanabadilishana damu. Ya pili ni sauti, kwa kuwa ndege wengi hutambuana kwa wimbo kabla ya kuonana. Ya tatu ni kuhesabu tofauti kwa alama. Mwaka 2010 Joseph Tobias na wenzake walipendekeza utaratibu ambao kila tofauti ya rangi, vipimo, sauti au mazingira hupewa alama, kuanzia 1 kwa tofauti ndogo hadi 4 kwa tofauti kubwa mno. Jumla ikifika 7, makundi hayo yahesabiwe kuwa spishi mbili. Shirika la BirdLife International lilitumia utaratibu huo kupitia upya orodha yake ya ndege wa dunia.

Milima ya Tanzania yatoa ushahidi

Mahali ambapo suala hili limechunguzwa kwa kina zaidi katika ukanda wetu ni Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka kupitia Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho hadi Udzungwa nchini Tanzania. Kila mlima una msitu wa ukungu juu na nyanda kavu chini. Kwa chozi wa milimani, kila msitu ni kisiwa.

Mwaka 1885 ndege wa kundi hili alielezwa kutoka Kilimanjaro na kuitwa Cinnyris mediocris. Baadaye wakaelezwa ndugu zake: wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, wa Usambara, wa Uluguru aliyepewa jina la Arthur Loveridge, na mwaka 1933 akaongezwa aliyepewa jina la Reginald Moreau, mtafiti aliyefanya kazi Amani, Usambara. Wa Usambara na wa kusini waliwekwa chini ya ndege wa Kilimanjaro kama nususpishi. Yule wa Moreau aliwatatiza watu, kwa kuwa rangi zake zilionekana kuwa za katikati, na ikapendekezwa kwamba ametokana na mchanganyiko wa spishi mbili nyingine. Kwa maneno mengine, chotara.

Mwaka 2004 Rauri Bowie, Jon Fjeldså, Shannon Hackett na Timothy Crowe walichapisha uchunguzi wa DNA ya ndege hao. Matokeo yaliwaondolea baadhi yao hadhi ya utegemezi. Chozi wa Moreau hakuwa chotara, bali ukoo wenye historia yake, na ndugu yake wa karibu alikuwa yule wa nyanda za juu za kusini, Cinnyris fuelleborni. Ndege wa Usambara na wa kusini nao walionekana kustahili kuhesabiwa kuwa spishi kamili. Pale ambapo vitabu vilikuwa na spishi tatu, sasa zikawa tano.

Ilibaki kujua kinachotokea pale jamaa wawili wanapokutana. Bahati nzuri, chozi wa Moreau na wa Fülleborn hukutana katika milima ya Udzungwa. Timu iliyoongozwa na Jay McEntee, ikiwa na Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na watafiti wengine wa Tanzania, ilichapisha matokeo yake mwaka 2016. Eneo la makutano lina upana wa takriban kilomita 6 tu. Ndani yake ndege hao huchanganyika kwa kiasi fulani, lakini mchanganyiko hauenei. Hali ya hewa wanayoipenda ni ile ile, na chakula ni kile kile. Kinachowatofautisha kwa nguvu ni wimbo: nyimbo zao ziko mbali sana, na kila upande umedumu na wake ijapokuwa chozi hujifunza kuimba kwa kuwasikiliza wenziwe.

Msikilizaji wa Kiswahili hatashangazwa na jambo hilo. Vijiji viwili vinaweza kupakana, vikaoana na kuuziana mazao, na bado mtu akatambulika alikotoka mara afunguapo kinywa.

Mwaka 2021 watafiti hao waliongeza somo jingine. Baadhi ya chozi waliotengana kwa muda mrefu mno, kila mmoja kwenye mlima wake, walikutwa wakiimba nyimbo zinazokaribia kuwa sawa. Wimbo basi haubadiliki taratibu mwaka hadi mwaka. Unaweza kutulia kwa maelfu ya miaka, kisha ukageuka kwa kasi. Ndiyo maana hakuna kipimo kimoja kinachotosha: DNA inaweza kuona tofauti ambayo sikio halisikii, na sikio likasikia tofauti ambayo macho hayaoni.

Si kila mgawanyo unakubalika

Ingekuwa makosa kudhani kwamba kila tawi hatimaye litakuwa spishi. Chozi wa rangi ya zeituni, ambaye pia yumo katika misitu ya Rwanda, ni mfano mzuri. Baadhi ya wataalamu walimgawa kuwa wa mashariki na wa magharibi, wakitegemea manyoya ya pembeni mwa kifua, hasa ya majike. Uchunguzi wa DNA wa mwaka 2004 haukuuthibitisha mpaka huo. Matokeo yake, kwa miaka mingi orodha moja ya ndege wa dunia ilihesabu spishi mbili na nyingine ikahesabu moja. Mtalii aliyemwona ndege yule yule angeweza kuwa na jumla tofauti kutegemea kitabu alichobeba.

Tofauti hizo zilizua malalamiko. Mwaka 2017 wanasayansi Stephen Garnett na Les Christidis waliandika katika jarida la Nature kwamba uhuru wa kila mtaalamu kugawa au kuunganisha spishi unavuruga kazi ya uhifadhi. Wenzao wengi waliwapinga, wakisema sayansi haiwezi kuamuliwa kwa kanuni za kiofisi. Lakini haja ya kuwa na orodha moja ilikuwa dhahiri. Mwezi Juni 2025 ilitolewa orodha ya pamoja iitwayo AviList, iliyoandaliwa na kamati ya wataalamu kutoka pande zilizokuwa na orodha tofauti. Inahesabu spishi 11,131 za ndege duniani. Hesabu hiyo itaendelea kupitiwa kadiri ushahidi unavyoongezeka.

Kwa nini jina lina uzito

Sasa tuje kwenye kiini cha suala. Orodha Nyekundu ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ndiyo inayotumiwa na serikali na wafadhili wengi kuamua ni viumbe gani wapewe kipaumbele. Hesabu yake hufanywa hasa kwa spishi. Kimojawapo cha vipimo vyake ni ukubwa wa eneo: spishi iliyosambaa katika eneo lisilofika kilomita za mraba 20,000, huku makazi yake yakimegwa na kupungua, inaweza kuingizwa katika daraja la kwanza la walio hatarini. Likiwa chini ya kilomita za mraba 5,000, daraja hupanda.

Tazama basi tofauti. Iwapo ndege wa Uluguru angehesabiwa kuwa tawi la ndege aliyesambaa kutoka Kenya hadi Malawi, kuungua kwa msitu wa Uluguru kungeandikwa kuwa kupungua kwa idadi. Akihesabiwa kuwa spishi, kama ilivyo leo, tukio lile lile ni kutoweka, kwa sababu hana mlima mwingine duniani. Msitu huo pia ni chanzo cha mto Ruvu unaowapa maji wakazi wa Dar es Salaam. Ndege mwenye uzito wa gramu chache huweza kuongeza sababu ya kulinda kitu ambacho mamilioni ya watu wanakihitaji.

Upande wa pili haufai kufichwa. Fedha za uhifadhi hazikui kwa sababu tu spishi zimeongezeka, na jina lililotolewa kwa ushahidi dhaifu linaweza kuondoa msaada kwa anayestahili zaidi. Mtaalamu anayegawa spishi kwa nia njema ya kuokoa msitu, ilhali ushahidi haupo, huidhoofisha hoja siku anapokuja aliye na ushahidi. Kwanza ukweli wa ndege, kisha sera.

Swali linalobaki Rwanda

Nyungwe ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na mwezi Septemba 2023 iliandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia. Mojawapo ya sababu za thamani yake ni wingi wa viumbe wanaopatikana tu katika milima ya Bonde la Ufa la Magharibi, kuanzia Uganda na Kongo hadi Burundi. Chozi wa Rwenzori ni miongoni mwao. Kama angebaki kuwa tawi la ndege wa Afrika Kusini, asingehesabiwa katika kundi hilo.

Lakini hata ndani ya Rwanda chozi huyu hana jina moja. Wale wa eneo la volkano kaskazini wamepewa jina la nususpishi graueri, kwa heshima ya Rudolf Grauer, mkusanyaji kutoka Austria. Wale wa kusini magharibi wanaitwa schubotzi, kwa jina la Hermann Schubotz, mwanazoolojia wa msafara wa Mtemi wa Mecklenburg uliopita hapa mwaka 1907 na 1908. Majina yote mawili yalitolewa mwaka 1908, kwa kutazama ngozi zilizokaushwa katika makumbusho ya Ulaya.

Kati ya makundi hayo mawili upo mgongo wa milima unaogawa maji ya mto Kongo na ya mto Nile. Zamani msitu uliufunika kwa sehemu kubwa. Gishwati, uliokuwa kama daraja katikati, ulikatwa kwa ajili ya malisho, mashamba na makazi hadi kubaki kipande kidogo mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2015 serikali iliunganisha mabaki yake na msitu wa Mukura kuwa hifadhi ya taifa, na kazi ya kuotesha miti ya asili ikaendelea.

Pengine ndege wa volkano na wa Nyungwe ni ndugu wa karibu wanaohitaji tu msitu wa kuwakutanisha tena. Pengine wametengana kitambo, kama wale wa Usambara na Uluguru. Njia ya kupata jibu inajulikana: kurekodi nyimbo zao pande zote mbili, kuwasikilizisha wa upande huu sauti za upande ule na kuona kama wataitikia, na kulinganisha DNA ya tone la damu bila kumwua ndege. Vifaa vya kurekodia ni nafuu kuliko zamani, na vijana waongozaji wa watalii Nyungwe wanazijua sauti hizo kwa masikio yao.

Milima ya Tanzania imeonyesha kwamba ndege anaweza kuishi karne nzima vitabuni akiitwa tawi au chotara, kumbe ni ukoo kamili. Aliokolewa na jambo moja: msitu wake ulikuwa bado umesimama siku watafiti walipofika kumsikiliza.